Mgongo wa Zelinda

Kwa miaka sita nilitazama mgongo wa mwanamke mmoja kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote duniani. Hata sasa nikifumba macho nauona: sweta ya kijivu aliyoifuma mama yake, mshono uliokwenda upande kidogo chini ya bega la kushoto, fundo la kitambaa cha kichwa, na nywele mbili tatu zilizotoroka zikicheza shingoni. Uso wake niliuona vilevile, kila siku, kabla na baada ya mazoezi, lakini uso ule haukuwa na habari nyingi. Habari zilikuwa mgongoni.

Jina lake Zelinda Bellettato, wa Santa Delfina, huku kwetu kwenye nchi tambarare kati ya mto Adige na mto Po, ambako mashamba yako chini kuliko maji na mtu akitaka kuona mbali hupanda juu ya tuta la mto. Baba yake alikuwa mlinzi wa pampu kubwa inayovuta maji ya mashambani na kuyamwaga mferejini. Nyumba yao ilishikana ukuta na ile mashine. Zelinda alizaliwa katika mngurumo ule, akala nao, akalala nao. Alipokuwa na miaka saba alikuwa anatoka mbio kumfuata baba yake bustanini: "Baba, inameza hewa!" Mzee anakwenda, anakuta kweli, majani yameziba mdomo wa bomba. Mafundi wa serikali walikuja na vipimo vyao vya shaba, wakarudi na vipimo vyao, na bado mzee alimwamini mtoto.

Baba alipofariki pampu ikapewa mtu mwingine, Zelinda na mama yake wakahamia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Yeye akaajiriwa na bekari kupeleka mikate na mayai kwenye nyumba za mbali, zile zilizotawanyika kando ya matuta. Akapewa pikipiki kuukuu yenye kreti nyuma. Barabara ya tuta enzi hizo ilikuwa vumbi na mashimo kiangazi, na tope kipupwe. Hakuwahi kuvunja yai.

Hapo ndipo anapoingia Orfeo Crepaldi. Orfeo alikuwa kocha wa chama chetu cha baiskeli, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, daftari mfukoni na saa ya kupimia muda ambayo hakuivua hata kanisani. Ujanani alikuwa mpanda baiskeli mzuri kiasi cha watu kukumbuka jina lake, si kiasi cha kukumbuka alishinda nini. Alifundisha vijana wa baiskeli, na yeyote mwingine mwenye pumzi ndefu aliyebisha hodi kwake: mkimbiaji wa marathoni kutoka Adria, msichana mmoja wa matembezi ya haraka, hata wapiga makasia. Alisema mwili ni mmoja, vyombo tu ndivyo tofauti.

Asubuhi moja ya Machi mwaka 1965, Orfeo alikuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli, upepo unamkabili, akaona pikipiki ya mikate inampita. Akajibanza nyuma yake ili kukwepa upepo. Wakaenda hivyo kilomita kumi na mbili. Zelinda aliposimama kwenye nyumba ya kwanza, Orfeo naye akasimama, jasho linamtiririka, anaitazama saa yake kama imemtukana.

"Dada, unafanyaje?"

"Nafanyaje nini?"

"Tangu darajani sijasikia injini yako ikibadilisha sauti. Lakini saa yangu inasema tulianza na mwendo wa thelathini, tumemaliza na arobaini na tano. Nimepandishwa bila kujua!"

"Nina mayai mia mbili hapa nyuma," Zelinda akasema. "Wewe ungefanyaje?" Kisha akashusha kreti. "Na tandiko la baiskeli yako linalia. Tangu darajani linanikera."

Wiki ile ile Orfeo akaenda kumwomba. Aliyekuwa anaendesha pikipiki ya mazoezi, binamu yake, alikuwa amehamia Torino kutafuta kazi ya kiwandani, na mpanda baiskeli asiye na pikipiki ya kumtangulia ni kama mwimbaji asiye na wa kumpa sauti. Kazi yenyewe kueleza ni rahisi. Pikipiki inakwenda mbele, nyuma yake kuna kigurudumu cha mpira kinachozunguka. Mpanda baiskeli anasogeza tairi lake la mbele karibu na kigurudumu kile, karibu kiasi cha kiganja, na mwili wa dereva unamkinga upepo. Hapo anakwenda mwendo ambao peke yake asingeuweza, na miguu inajifunza. Dereva akiongeza moto ghafla, unabaki peke yako uwanjani na upepo wote wa bahari ya Adriatiki. Akipunguza ghafla, unalamba vumbi.

Mama yake Zelinda alikataa. Padri alikohoa. Pale baa watu walicheka wiki nzima.

"Kwa hiyo mabingwa wetu wanafuata mkate sasa," alisema mwenye baa. "Kama bata."

"Bora wafuate mkate kuliko kufuata wewe," akamjibu Orfeo. "Wangefika wapi? Chooni na kurudi."

Siku ya kwanza vijana walimpima. Danilo, mkubwa wao, akauliza kwa sauti ya upole wa uongo, "Shangazi, tukishinda tutapewa mkate?"

"Ukishinda nitakupa mkate, ukishindwa nitakupa ganda. Panda."

Akawaongoza saa mbili. Waliposhuka hakuna aliyetania tena. Danilo alikaa kwenye majani akitazama mikono yake, akasema tu, "Nilikuwa nimelala. Haki ya Mungu nilikuwa nimelala na miguu inakwenda." Jina la Shangazi ndilo likabaki.

Mimi nilijiunga miaka miwili baadaye, nikiwa na miaka kumi na minane. Naitwa Adelmo. Nilikuwa na mapaja makubwa na ndoto kubwa zaidi. Ile kauli ya Danilo nilidhani ni chumvi mpaka nilipokaa mwenyewe nyuma ya Zelinda.

Ilikuwa Oktoba. Ukungu wa kwetu hauji kama mvua, hauji kutoka mahali. Unaamka unaukuta umekaa. Tuta halina mwanzo wala mwisho, miti mirefu ya mipopla inatokea mmoja mmoja, inakutazama, inapotea. Zelinda akawasha, akaondoka polepole, nikasogea. Mwanzo nilitazama kigurudumu tu, kwa woga. Baadaye macho yalipanda yenyewe, yakatulia pale kwenye sweta. Upepo ukaisha. Kelele ya injini ikawa moja, ndefu, kama mtu anayeguna wimbo huku akifanya kazi nyingine. Nikawa sijui kama tunakwenda haraka au tumesimama na dunia ndiyo inavutwa chini yetu kama kitambaa cha meza. Nilimwona bibi yangu, aliyekufa nikiwa mdogo, amekaa kwenye ukingo wa mfereji anamenya malenge. Hakushangaa kuniona. Tulipofika kwenye kituo cha pampu, Zelinda akainua mkono, tukapunguza, nikarudi duniani na kinywa kikavu. Orfeo akanionyesha saa. Sikuamini. Katika maisha yangu sikuwahi kwenda kasi ile, na sikuwa nimehisi maumivu popote.

Watu hufikiri ni Orfeo aliyetufundisha. Ni kweli, yeye ndiye aliyepanga ratiba, lini tupumzike, lini tule, lini tupande vilima vya Euganei. Lakini daftari lake lilikuwa linajua ya jana. Zelinda alijua ya sasa hivi. Kwa kuwa hakuweza kugeuka, alisikiliza. Alisikia mnyororo, alisikia tairi, alisikia zaidi ya yote pumzi. Alikuwa anashuka kwenye pikipiki anasema, "Huyu jana alikunywa," na huyo anatazama chini. Au: "Mwache huyu. Amegombana na mtu." Orfeo mwanzoni alibishana.

"Saa inasema yuko sawa!"

"Basi ipandishe saa baiskeli."

Kilichomaliza ubishi ni Danilo. Majira ya kuchipua mwaka 1968 alikuwa katika hali bora ya maisha yake, anashinda kila Jumapili. Zelinda akamwambia Orfeo kuna filimbi ndogo sana mwishoni mwa pumzi ya kijana yule, upande mmoja. Danilo akacheka, akapiga kifua. Wakampeleka hospitali kwa shingo upande, akakutwa na maji kwenye pafu. Daktari alisema mwezi mmoja zaidi, na ingekuwa habari nyingine. Toka hapo, neno la Zelinda likawa sheria. Nadhani ndipo mzigo wake ulipoanza, ingawa hakuna aliyeuona. Kila alipoinua mkono, watu ishirini walikaa kimya.

Mimi aliniambia mapema. Tulikuwa tunakula ugali wa njano na soseji nyumbani kwa Orfeo baada ya mashindano niliyomaliza wa thelathini na moja. Akanimiminia mvinyo, akasema, "Adelmo, una mikono mizuri."

"Mikono, Shangazi? Baiskeli ni miguu."

"Najua," akasema, akaendelea kula.

Nililia siku ile nyuma ya zizi. Miaka miwili baadaye nilikuwa najifunza kazi ya kinyozi kwa mjomba wangu na kupanda baiskeli kwa kujifurahisha, nimetulia kabisa.

Ndipo akaja Loris Veronese. Alikuwa wa nyumba ya tatu kutoka bekari, mrefu, kimya, masikio yametokeza. Mama yake alikuwa mfua nguo, baba hayupo. Loris akipanda baiskeli ungedhani kuna mtu amelainisha dunia kwa mafuta. Hakuwa na kelele yoyote. Zelinda alisema kati ya wote ni yeye tu aliyemfanya asahau kwamba kuna mtu nyuma. Mara nyingine alikuwa anaita, bila kugeuka, "Loris, upo?" na sauti inatoka ukunguni, "Nipo, Shangazi." Tuliokuwa kwenye baiskeli zetu nyuma zaidi tulisikia maneno hayo mawili yakitembea mbele yetu juu ya tuta, na mimi nayasikia bado, yakienda na kurudi kama watu wawili wanaotafutana bila haraka.

Mwaka 1970 timu moja ya kulipwa ya upande wa Lombardia ikatangaza kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba itajaribu vijana sita huko Treviso, na itamchukua mmoja. Jina la Loris lilikuwamo. Santa Delfina nzima ilibadilika. Watu waliokuwa hawajui pedali ni nini walianza kumwuliza Loris amelalaje. Mwenye baa alibandika picha yake juu ya mashine ya kahawa.

Katika siku hizo hizo, dereva mmoja wa pikipiki ya mazoezi huko Mantova alianguka akavunjika fuvu. Orfeo akaogopa. Akamnunulia Zelinda helmeti, nene, yenye sifongo ndani, inayofunika masikio.

"Nasikia kama niko ndani ya kisima," Zelinda akalalamika.

"Bora kisimani kuliko kaburini. Vaa!"

Akavaa. Siku nane kabla ya Treviso, asubuhi, walikuwa wawili tu juu ya tuta, Zelinda na Loris, Orfeo anafuata mbali kwa gari. Mimi nilikuwa ndani ya gari hilo, nimeshika chupa za maji. Ukungu ulikuwa mwepesi, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Tuliona mkono wa Zelinda ukiinuka mahali ambapo haukupaswa kuinuka. Pikipiki ikapungua, ikasimama. Loris akashuka, anamtazama.

Zelinda alivua helmeti. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Kuna pigo linakosa," alimwambia Orfeo. "Linapiga, linapiga, halafu moja halipo. Nimelisikia mara ya kwanza pale kwenye lango la maji, nikasema labda ni tairi. Si tairi."

"Pigo la nini? La pedali?"

"Sijui. La mwili. Orfeo, usimpeleke huyu kijana Treviso."

Loris hakuwa mtu wa kelele, lakini siku ile alipiga ngumi boneti ya gari. "Sina chochote! Niko mzima! Kocha, mwambie!"

Orfeo alitazama saa yake. Akamtazama Zelinda. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayechagua mtoto yupi aokolewe. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Alisikia pafu la Danilo."

Wakampeleka Padova. Kwanza ilikuwa foleni, kisha daktari mkubwa hayupo, kisha wakamlaza siku tatu, wakampaka dawa kifuani na kumfunga nyaya, wakamkimbiza kwenye ngazi. Jumapili ya Treviso ikapita Loris akiwa kitandani, anatazama dari. Jumatatu daktari mkubwa akaja na karatasi ndefu. "Moyo huu," akasema, "ningeutaka mimi. Ni wa ng'ombe dume. Nani kawaambia anaumwa?"

Timu ya Lombardia ilikuwa imeshachukua mtu wake.

Loris alikwenda nyumbani kwa Zelinda siku hiyo hiyo. Mama yake Zelinda ndiye aliyesimulia baadaye. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ulisikia nini, Shangazi?"

"Pigo lilikosa."

"La nani? Mbona langu lipo lote?"

Kijana akavaa kofia, akaondoka, akaenda kufanya kazi kwenye karakana ya matrekta ya mjomba wake, na baiskeli akaitundika ukutani.

Zelinda akarudisha ufunguo wa pikipiki ya mazoezi kwa Orfeo. Orfeo alikataa kuupokea, akaja kuuweka mezani kwao, mama yake Zelinda akaupeleka tena kwa Orfeo ndani ya mkate. Ilikuwa kichekesho, ila hakuna aliyecheka. Zelinda aliendelea kupeleka mikate, tena kwa uangalifu uliozidi, kama mtu asiyeamini tena hata mikono yake. Baa ilimsema. Sisi tuliobaki tulipewa dereva mpya, mpwa wa Orfeo, mtu wa roho safi anayeendesha kama anayefukuza nyuki. Nilianguka mara mbili mwezi wa Novemba. Wengine waliacha. Tuta likawa barabara tu.

Nilimwona mara nyingi majira yale ya baridi. Alikuwa anasimamisha pikipiki katikati ya njia, anazima, anakaa. Nilimpita siku moja nikamsalimu.

"Shangazi, imeharibika?"

"Hapana. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Ndicho ninachojiuliza."

Mwezi wa Februari, akiwa anapakia kreti uani kwa bekari, akaanguka. Mikate ilitawanyika kwenye theluji. Wakamwita daktari wa kijiji, Sgarbi, mzee mwenye harufu ya tumbaku, akamweka juu ya meza ya unga, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza muda mrefu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Moyo wako unaruka. Unapiga, unapiga, halafu unasahau pigo moja. Hujawahi kuhisi?"

Zelinda akainuka kwenye unga. "Nipe nisikilize."

"Lala wewe."

"Daktari, nakuomba. Nipe nisikilize."

Mzee akamtia vile vya masikioni. Mke wa mwoka mikate alikuwapo, na anasema hajapata kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Zelinda alifumba macho. Alikaa hivyo, miguu inaning'inia, unga hadi kwenye nyusi, na midomo inahesabu. Alilitambua pigo lile mara moja. Ndilo lile la juu ya tuta. Ile helmeti ilikuwa imemfunga masikio, ikazuia ya nje na kumrudishia ya ndani, naye miaka yote alikuwa hajawahi kujisikiliza mwenyewe hata mara moja. Alidhani kila kinachosikika kinatoka nyuma.

"Si ugonjwa wa kuua," daktari alikuwa anasema. "Utameza dawa, utapunguza kahawa. Mbona unalia?"

"Silii," akasema, akishuka mezani. "Koti langu liko wapi?"

Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana. Loris alikuwa kwenye meza ya kazi ananoa jembe la trekta kwa tupa, amempa kisogo, na hakugeuka.

"Loris. Lile pigo lilikuwa langu."

Tupa ikaendelea. "Pigo gani?"

"Lililokosa. Ni moyo wangu mimi. Daktari kanipa nisikilize. Ile helmeti ilinichanganya, nikasikia wa kwangu nikadhani wewe."

Tupa ikasimama.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima."

"Na wewe ndiye mgonjwa."

"Kidogo."

"Na mimi ndiye niliyelazwa Padova siku tatu, watawa wananitoa damu, wananinyima mvinyo."

"Ndiyo, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi. Treviso siwezi kukurudishia."

Loris akakaa chini, palepale, kwenye kopo la grisi. Zelinda alitegemea matusi. Badala yake kijana alifunika uso kwa mikono yake michafu, akaanza kutetemeka, na ilichukua muda kujua kwamba ni kicheko kimechanganyika na kitu kingine.

"Madaktari walisema mzima," akasema. "Karatasi ninayo nyumbani. Lakini wewe ulisema mgonjwa, na wewe ulikuwa hujawahi kukosea. Unajua mimi nafanya nini tangu Oktoba? Nahesabu. Nikipanda ngazi nahesabu. Nikila nahesabu. Mama ananiuliza mbona huli, nashindwa kumwambia nimefika mia moja na kumi na mbili. Nilikuwa nasubiri nife, Shangazi. Nilidhani wale wa Padova ndio hawakusikia."

Zelinda hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria hasira tu. Akakaa naye juu ya kopo la pili, koti limejaa unga, na wakabaki hivyo mpaka mjomba mtu alipotokea kuuliza kama karakana imegeuka kanisa.

Machi walirudi kwenye tuta. Zelinda alichukua kisu cha mkate akakata masikio ya helmeti, Orfeo akapiga kelele za kumaliza mwaka, kisha akafungua daftari ukurasa mpya. Nilikuwapo asubuhi ile. Mashamba yalikuwa yamelimwa, meusi, yanatoa mvuke, na juu ya mvuke ule tuta lilikuwa kama limenyanyuka kidogo kutoka ardhini. Pikipiki ikaondoka. Baiskeli ikasogea nyuma yake. Hawakuwa na haraka. Waliingia kwenye ule mvuke na kwa muda hatukuona chochote, tulisikia injini tu, sauti ile ile moja, na mimi nilishika mlango wa gari la Orfeo kwa sababu nilihisi kama nami naondoka.

"Loris, upo?"

Jibu likaja, tena kwa utani: "Nipo! Na wewe, upo?"

Nisidanganye, Loris hakuwa bingwa. Timu ya Lombardia haikurudi. Mwaka uliofuata timu ndogo zaidi ilimchukua, akaendesha misimu minne akiwabebea wakubwa maji na kuwakinga upepo, akashinda mara moja tu, siku ya mvua huko Marche, ambapo wenzake wengi walikuwa wameshapanda gari. Alirudi, akaoa mwalimu wa Adria, akarithi karakana. Anasema alikuwa na bahati. Ukimwuliza kuhusu Treviso anakuonyesha tumbo lake: "Ningekuwa bingwa ningeruhusiwa hili?"

Zelinda aliendesha mpaka alipofika miaka sitini na tatu. Alimeza vidonge vyake, akaendelea kunywa kahawa kwa siri. Lakini alibadilika kitu kimoja. Akishuka kwenye pikipiki hakusema tena "huyu anaumwa" au "huyu amechoka." Alimwendea kijana mwenyewe akamwuliza, "Leo nimesikia hivi. Ni wewe, au ni mimi?" Na wakati mwingine walijibu, "Ni wewe, Shangazi," naye akakubali.

Juzijuzi, kiangazi, nilimpitia nyumbani kwake. Ana miaka themanini na kitu. Tulikaa mlangoni tunamenya maharage, bakuli katikati yetu. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nalo miaka mingi: saa zote zile, mbele, peke yake, alikuwa anawaza nini.

Alifikiri mpaka alipomaliza ganda alilokuwa nalo.

"Nilikuwa naota," akasema. "Si usingizi, macho wazi. Naota niko nyuma, nawaona mmejipanga wote, mnakwenda. Mlikuwa mnapendeza sana." Akachukua ganda lingine. "Hivi viatu vyenu vilikuwa vya rangi gani?"

"Vyeusi, Shangazi. Sote."

"Mimi niliota vyeupe."

"Vyeupe vingekaaje na tope lile?"

"Ndiyo hivyo," akasema. "Sogeza bakuli, unamwaga nje."